Mkutubi wa Zamu na Kiungo Kisichofunguka

Juni 2000, swali kuhusu mapishi ya kale ya Byzantium liliingia kutoka London kwenye mfumo wa majaribio wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa kugawa maswali kati ya maktaba. Programu ikapekua maelezo ya maktaba wanachama, saa zao za kazi na fani wanazozimudu, ikalielekeza Santa Monica, California. Orodha ya vitabu ikarudi London baada ya saa chache.

Mwaka 2002 mfumo ule ukazaa QuestionPoint, kwa ubia na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba. Baadaye ulipoungana na huduma ya maongezi ya saa 24 iliyoanzia Los Angeles, wanafunzi wa elimu masafa ndio waliofaidi hasa. Mtu anayesoma akishalaza watoto huuliza usiku wa manane, mkutubi wa chuo chake akiwa amelala. Wa chuo kingine anampokea.

Kugawana zamu ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa kwenye mlango wa majarida. Wachapishaji humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya chuo, na aliye nyumbani hana. Ndiyo maana vyuo vikafunga EZproxy, programu iliyotoka 1999: humdai mwanafunzi nenosiri, kisha humpitisha kwa anwani ya chuo. Sasa mkutubi wa zamu anapata makala, ananakili kiungo kama kilivyo kwenye kivinjari chake, anakituma. Kumbe kimebeba seva ya chuo chake yeye. Mwanafunzi anabofya, anadaiwa nenosiri la chuo asichokijua, anadhani kakosea.

Dawa haikuwa ya kompyuta sana. Kila maktaba ilijaza ukurasa wa taratibu zake: hifadhidata ilizolipia, namna ya kuingia, nani aulizwe nenosiri likigoma. Mkutubi mgeni aliusoma huku akiongea na mwanafunzi. Lililomshinda alilitia alama lifuatiliwe na maktaba ya mwanafunzi, pamoja na maandishi yote ya maongezi.

Maandishi hayo nayathamini kuliko hata ile programu ya kugawa maswali, kwa kuwa huonyesha jinsi swali halisi lilivyojitokeza. Mtaalamu wa ukutubi Robert Taylor alionyesha mwaka 1968 kwamba swali humfikia mkutubi likiwa limeshapunguzwa na muulizaji mwenyewe, akikisia maktaba itampa nini. Anayetafuta takwimu za upungufu wa damu kwa wajawazito huandika anataka kitabu cha uzazi. Ana kwa ana, uso wake ungeonyesha kwamba hajaridhika. Kwenye skrini, kimya cha dakika mbili huenda anasoma, huenda bando limekwisha. Wakutubi wazoefu huandika vipande vifupi vifupi, na kabla ya kutafuta lolote humwomba mwanafunzi abandike swali la mwalimu neno kwa neno.