Diski ya Mlaji na Diski ya Biashara: Istilahi Zinazomtaja Mnunuzi na Kuisahau Kazi

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili cha ofisi kwa njia ya tafsiri za haraka, zipo mbili ambazo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali huzidi kukutana nazo kila inapotakiwa kununua vyombo vya kuhifadhia kumbukumbu: diski ya mlaji na diski ya biashara. Ya tatu, nakala rudufu, ni kongwe kidogo na imekwisha kupata wapenzi wengi. Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza zote tatu, kwa kuwa istilahi iliyowekwa vibaya katika hati ya zabuni huamua fedha ya umma iende wapi, na baada ya miaka michache huamua pia kama kumbukumbu zipo au zimepotea.

Mji wa Arusha wafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, maana una ofisi nyingi ambazo kazi yake hasa ni kutunza maneno yaliyosemwa. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2007 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hapo ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba, 2015, ikiwa imewashitaki watu 93 na kuwasikiliza mashahidi zaidi ya 3,000 katika siku zipatazo 5,800 za mashauri. Kwa ajili ya kumbukumbu hizo na kazi zilizobaki, Umoja wa Mataifa ulijenga ofisi mpya huko Lakilaki, nje kidogo ya mji, zikafunguliwa Novemba 2016. Ushahidi uliotolewa na mtu mzee ambaye leo ni marehemu haurudiwi, ukipotea, umepotea.

Lakini tusifikirie mahakama kubwa peke yake. Shule ya sekondari iliyo Usa River ina matokeo ya wanafunzi wake. Ofisi ya kijiji huko Ngarenanyuki ina orodha za mashamba. Wameru wanaelewa vizuri thamani ya karatasi. Walipoondolewa katika ardhi yao ya Ngarenanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet akafika mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952, malalamiko yao yaliingia katika kumbukumbu za huko ng'ambo, na mwaka 1967 yeye na Earle Seaton wakayaandikia kitabu. Habari ile iliwekwa mahali pengi mbalimbali, na jambo hilo tutalirudia.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Na Julai 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pia. Hati za ununuzi, ambazo zamani ziliachwa katika Kiingereza bila mtu kuuliza, sasa zinamfikia mfasiri. Naye mfasiri, akiwa na saa moja ya kumaliza kazi, hutafsiri neno lililo mbele yake.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Diski tunayoizungumzia (mitaani huitwa hadi diski, jina ambalo msomaji asiyelizoea aweza kudhani linaanza na kihusishi) ni kijisanduku chenye sahani zinazozunguka kwa kasi. Juu ya kila sahani husogea kichwa cha kusomea na kuandikia, nacho hakiigusi sahani: huelea juu ya tabaka la hewa jembamba mno kuliko unywele. Ndiyo sababu watengenezaji hutaja mwinuko ambao diski isiendeshwe kuupita, aghalabu mita 3,000 hivi. Mji wa Arusha, ulio kwenye mita 1,400 takriban, hauna neno. Lakini atakayeiwasha diski ya namna hiyo katika kibanda cha Saddle, njiani kuelekea kilele cha Mlima Meru, zaidi ya mita 3,500, amekwisha kutoka nje ya masharti.

Watengenezaji huziuza diski hizo kwa madaraja mawili makubwa. Daraja la kwanza hukadiriwa kufanya kazi saa chache: katika aina moja inayojulikana sana ni saa 2,400 kwa mwaka, na kusoma na kuandika terabaiti 55 katika muda huo. Daraja la pili hukadiriwa kufanya kazi saa zote 8,760 za mwaka, usiku na mchana, na kubeba terabaiti 550. Hili la pili pia hustahimili mtikisiko wa diski nyingi zilizopangwa katika kabati moja, nalo huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Tofauti basi ni ya kazi.

Sasa tazama majina. Daraja la kwanza limeitwa la mlaji. Neno hili si geni. Tumelizoea katika habari za kumlinda mlaji dhidi ya bidhaa mbovu, na huko limekaa mahali pake. Likihamishiwa kwenye diski linapotea njia. Mwalimu anayesoma diski ya mlaji hapati hata chembe ya habari juu ya chombo, na huenda akacheka, kwa kuwa katika Kiswahili cha ofisini ulaji umekwisha kupata maana nyingine ambayo hatuna haja ya kuifafanua hapa. Daraja la pili limeitwa la biashara, na hapa madhara ni makubwa zaidi. Shule haifanyi biashara. Mahakama haifanyi biashara. Mtumishi mwaminifu akisoma diski ya biashara ataona kwamba hiyo ni ya wafanyabiashara, aiache hata pale inapotakiwa. Na mwenzake atasikia katika neno hilohilo sauti ya ukubwa na fahari, aiagize hata pale isipotakiwa. Istilahi moja imewapotosha wawili kwa njia mbili zinazopingana.

Wako waliojaribu kusahihisha kwa kusema diski ya taasisi. Hiyo ni nafuu, lakini kosa limebaki palepale, yaani kumtaja mnunuzi. Ofisi ya kata ni taasisi, na diski yake huenda ikawashwa Ijumaa alasiri tu. Studio ya mtu binafsi mjini Arusha si taasisi, na diski zake hazizimwi. Kiswahili kina desturi nzuri katika jambo hili: tunasema gari la mizigo na gari la abiria, jembe la kukokotwa na jembe la mkono, bila kuuliza mwenye mali ni nani.

Mkosi mwingine uko katika hesabu zinazofuatana na diski. Karatasi za watengenezaji hutaja muda wa saa 1,000,000 au zaidi, na tumeona ukifasiriwa kuwa umri wa diski. Saa 1,000,000 ni miaka 114. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Hakuna binadamu aliyewahi kuona diski ya miaka 114. Hesabu hiyo ni wastani uliopigwa juu ya kundi kubwa: ina maana kwamba kati ya diski nyingi zinazofanya kazi pamoja, chini ya moja katika kila mia ingetarajiwa kuharibika kwa mwaka. Na hata hivyo hali halisi ni tofauti. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichunguza diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini, wakakuta zilizobadilishwa kwa mwaka ni asilimia 2 hadi 4 kwa kawaida, na mahali pengine hadi asilimia 13. Tafsiri iwe wastani wa saa kwa kila hitilafu katika kundi. Ni ndefu, lakini haimdanganyi mhasibu.

Uchunguzi huohuo haukuona tofauti kubwa ya kuharibika kati ya diski za bei kubwa na za bei ndogo. Desemba 2013 kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watu nakala, ilitangaza hesabu zake yenyewe: diski za kawaida asilimia 4.2 kwa mwaka, zile zinazoitwa za biashara asilimia 4.6. Zile za pili zilikuwa chache na hazikufanya kazi ileile, kwa hiyo haifai kusema ni mbovu kuliko nyingine. Inatosha kusema kwamba jina la fahari halikuziokoa. Muda wa dhamana nao, miaka 5 badala ya 2, hueleweka vibaya kwa sababu ya neno: dhamana hiyo hukurejeshea diski tupu, wala haimdhamini mtu yale aliyoyaandika ndani yake.

Tuje sasa kwenye nakala rudufu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye hatari kuliko zote, kwa kuwa inasikika vizuri. Kila mwalimu anajua kurudufu: mtihani mmoja hutiwa katika mashine ukatoka mara mia, na nakala zote ni sawa. Basi yako makabati ya diski ambayo hufanya hivyohivyo. Kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili. Huko ndiko kurudufu kwa haki. Ofisi ikiwa na kabati kama hilo husema, na kwa Kiswahili safi, kwamba ina nakala rudufu. Siku karani akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika katika diski zote mbili kwa nukta ileile. Moto ukiwaka, mwizi akiingia, au umeme ukirudi kwa kishindo, huchukua kabati zima. Ofisi ilikuwa na rudufu lakini haikuwa na akiba.

Kwa hiyo twapendekeza maneno mawili kwa vitu viwili. Rudufu ibaki kwa diski zinazofuatana hatua kwa hatua ndani ya kabati moja. Nakala ya akiba iwe ile iliyotengwa, ya wakati uliopita, iliyowekwa mahali pengine, kama yalivyowekwa malalamiko ya Wameru. Tairi la akiba halizunguki pamoja na mengine, wala mchezaji wa akiba hayumo uwanjani. Wengine wamependekeza chelezo, neno la pwani la kitu kieleacho, na ni neno zuri; lakini karani wa Ngaramtoni atalazimika kufundishwa kwanza bahari. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ya diski huoza, na yapasa ifunguliwe na kujaribiwa kila baada ya muda.

Maneno hayo yakiisha kutenganishwa, uchaguzi wa diski unakuwa mwepesi. Ndani ya kabati linalorudufu mchana na usiku, diski ya daraja la juu ina haki yake. Inapokutana na sehemu isiyosomeka hukata tamaa upesi, kwa sekunde chache tu, ili jirani yake aitoe habari ileile. Ile ya kawaida huendelea kung'ang'ania, pengine dakika nzima, na kabati hudhani imekufa, likaitoa. Lakini kwa nakala ya akiba inayokaa peke yake katika sanduku la chuma, hakuna jirani wa kuuliza. Ung'ang'anizi huo ndio tunaoutaka. Hapo diski mbili za kawaida, moja Usa River na nyingine mjini, ni bora kuliko moja ya fahari, na aghalabu gharama hazipitani sana.

Kwa majina yenyewe twapendekeza diski ya kawaida na diski ya kukesha, kwa kuwa hii ya pili hailali. Hati ya zabuni itaje pia saa za kazi kwa mwaka. Tumekwisha kusikia pingamizi kwamba kukesha ni neno la misiba na ibada, lakini mlinzi wa ghala naye hukesha, na hakuna aliyelalamika. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wataalamu wa kompyuta hulitumia neno keshi kwa hifadhi ndogo ya muda iliyomo ndani ya diski, na katika usemi wa haraka maneno hayo mawili yatagongana; kwa hiyo umbo fupi diski keshi lisiruhusiwe, na kiunganishi kiandikwe daima.