Sikio Katika Sinema ya Taharuki

Watu husema kwamba wanakwenda kutazama sinema; hawasemi kwamba wanakwenda kuisikiliza. Usemi huu umelipa jicho sifa yote na kulinyima sikio haki yake. Katika sinema za kuchekesha dhuluma hiyo ni ndogo. Katika sinema za taharuki ni kubwa, kwa sababu hofu hupita katika mlango wa sikio kabla ya kufika machoni. Jicho lina kope, na mwenye kuogopa aweza kulifumba. Sikio halina kope.

Hebu, msomaji, tutafute ushahidi. Mwaka 1931 Fritz Lang alitengeneza nchini Ujerumani sinema iitwayo M, inayohusu muuaji wa watoto. Muuaji huyo ana desturi ya kupiga mluzi wa wimbo mmoja. Mtazamaji akishauzoea mluzi huo, hahitaji tena kumwona mtu. Ausikiapo tu, moyo wake hushtuka. Na ni nani anayemtambua muuaji? Ni kipofu auzaye maputo. Wenye macho walimpita njiani; asiye na macho alimjua kwa sikio.

Ushahidi wa pili ni Jaws, sinema ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, iliyotungiwa muziki na John Williams. Papa haonekani kwa muda mrefu. Badala yake tunasikia sauti mbili nzito zikifuatana, kwanza polepole, kisha mbiombio, kama moyo wa mtu anayekimbizwa. Lakini angalia ustadi wake. Watoto wawili wanapowatisha waogaji kwa pezi la bandia, sauti hizo hazisikiki. Muziki unakataa kusema uongo, na mwenye sikio makini anapata fununu kwamba papa hayupo. Baadaye, tulipokwisha kuuamini muziki kama mlinzi wetu, papa anachomoza bila ya sauti hizo, nasi tunaruka vitini. Mtunzi alitujengea imani, kisha akaitumia kutunasa.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Alfred Hitchcock aliuonyesha ukweli huo mwaka 1963 katika The Birds, sinema isiyokuwa na muziki wa kusindikiza matukio. Mwanamke ameketi nje ya shule. Ndani, watoto wanaimba wimbo wao kwa utulivu. Nyuma yake kunguru mmoja anatua, kisha wengine, hata wanakuwa kundi kubwa. Hakuna ngoma wala fidla inayomwonya. Wimbo wa watoto unaendelea, na upole wake ndio unaotutesa, maana sisi tunajua lile ambalo waimbaji hawalijui.

Sasa turudi nyumbani. Katika mtaa wa Huruma, jijini Eldoret, kama katika mitaa mingi ya Kenya, watu wengi wamezijua sinema za kigeni kwa sauti ya msimulizi. Anayejulikana zaidi ni DJ Afro. Tanzania ilimsikia Lufufu, na Uganda inaye VJ Jingo. Kazi ya wasimulizi hawa haifai kudharauliwa. Wamemfungulia mlango mtu asiyejua lugha ya wageni; wamewapa mashujaa wa mbali majina ya kwetu, na kuwachekesha watu waliochoka kwa kazi za mchana. Hiyo ni huduma.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kupima huduma kwa mizani mbili. Sauti ya msimulizi ikipanda, sauti ya sinema hushuka. Katika mapigano hasara ni ndogo, kwa kuwa ngumi hujieleza yenyewe. Katika taharuki hasara ni kubwa. Fikiri msimulizi akipaza sauti wakati wa wale kunguru: "Tazameni, wanakuja!" Papo hapo wimbo wa watoto umefunikwa, siri imetolewa, na hofu imekufa kabla ya kuzaliwa. Mtazamaji ameelezwa jambo ambalo alipaswa kulihisi.

Je, nasema msimulizi anyamazishwe? La. Nasema ajifunze kwa bibi zetu waliosimulia hadithi kando ya moto. Bibi alipofika mahali ambapo zimwi linakaribia mlango, hakupiga kelele. Alishusha sauti, akanyamaza kidogo, akawaacha wajukuu wasikie mlio wa kuni na upepo wa nje. Kimya hicho kilikuwa sehemu ya hadithi. Msimulizi wa sinema ni mrithi wa bibi huyo, na urithi wake una mambo mawili: kusema na kunyamaza. Hadi sasa amelitumia zaidi lile la kwanza.

Nawe, msomaji, usingoje wasimulizi wabadilike. Utakapotazama sinema ya taharuki, fumba macho kwa dakika moja, ujiulize: nasikia nini, na kinaniahidi nini? Kisha yafumbue, uipunguze sauti mpaka isisikike, uone jinsi jambo la kutisha linavyogeuka kuwa mtu anayetembea tu ukumbini. Ukifanya hivyo utajua ni nani aliyekutia hofu, na kwa njia gani. Ujuzi huo utakufaa hata nje ya sinema, maana duniani wapo wengi watutiao hofu kwa ngoma tu, na papa hayupo.