Haki ya Karatasi: Uhakiki wa Sheria ya India ya 2019

Sheria hupimwa kwa jinsi inavyomwinua mnyonge, si kwa uzuri wa jina lake. Kwa kipimo hicho, sheria iliyopitishwa na Bunge la India mwaka 2019 kulinda haki za watu waliovuka jinsia, yaani wale wanaoishi kwa jinsia isiyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, ilikuwa na upungufu mkubwa.

Tuanze na historia. Jamii ya hijra imeishi India kwa karne nyingi. Aliyeitia katika daftari la wahalifu ni mkoloni. Sheria yake ya 1871 ilimruhusu askari kumkamata aliyeandikishwa humo akionekana hadharani amevaa nguo za kike. Mkoloni aliondoka 1947, dharau ilibaki. Wengi walikosa shule na kazi, wakaishia kuombaomba.

Tarehe 15 Aprili 2014 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kujitambulisha mwenyewe kuwa mwanamume, mwanamke au jinsia ya tatu. Iliagiza pia watengewe nafasi katika masomo na kazi za serikali.

Sheria ya 2019 ilikataza ubaguzi shuleni, kazini, hospitalini na katika kupanga nyumba. Hilo ni jema. Lakini:

(a) haikumwekea mwajiri anayebagua adhabu yoyote mahususi;

(b) haikutenga nafasi zilizoagizwa na Mahakama;

(c) ilimtaka mtu aombe cheti kwa mkuu wa wilaya, na aonyeshe ushahidi wa upasuaji ili aandikwe mwanamume au mwanamke;

(d) aliyewadhulumu watu hao kimwili au kijinsia aliwekewa kifungo kisichozidi miaka miwili, ilhali kubaka mwanamke kulikuwa na kifungo kisichopungua miaka kumi.

Kifungu hiki cha mwisho kinafichua kila kitu. Dola iliyotangaza usawa iliupangia utu bei mbili.

Wako wanaosema kundi hili ni dogo mno. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao 488,000 ambao hawakuandikwa wanaume wala wanawake. Hata wangekuwa kumi, utu haugawiwi kwa wingi wa vichwa.

Hapana budi kada asomapo sheria yoyote ya usawa aulize: nani ataadhibiwa akiivunja? Nani atapata kazi kwa sababu yake? Nani ameshika kalamu ya kuamua? Pasipo majibu, mnyonge amepewa karatasi, naye bado ana njaa.