Tundu la Pantheon

Siku niliyoingia Pantheon, mjini Roma, mvua ilikuwa ikinyesha ndani. Kuba lile lina upana wa mita 43, na kileleni pana tundu la zaidi ya mita nane, halina kioo wala kifuniko. Maji huangukia sakafu iliyoinuliwa kidogo katikati, nayo ina vijitundu vya kuyapitisha. Hali ni hiyo tangu zama za Kaisari Hadrian, karibu mwaka 126, na zege lile lisilo na chuma bado limesimama. Mafundi walilitia mawe mazito chini na mawe mepesi ya volkano juu.

Sasa mtazame Thomas Jefferson. Roma hakufika kamwe. Pantheon aliijua kwa michoro ya vitabuni. Maktaba yake ya duara katika Chuo Kikuu cha Virginia, iliyofunguliwa mwaka 1826, ina nusu ya upana ule. Nguzo zipo, kuba lipo, lakini la awali lilikuwa la mbao, na tundu limezibwa kwa kioo. Haya, vitabu na mvua havipatani. (Kilichokuja mwaka 1895 kilikuwa moto.) Ila naona alichukua sura akaacha ujasiri. Na wanaolisifu kuwa hekalu la elimu huru hawasemi kwamba miongoni mwa wajenzi wake walikuwamo watumwa. Hilo la Kirumi alilichukua bila kulipunguza.

Nakiri kwamba Virginia nami sijafika. Jengo lake nalihukumu kwa picha.