Utafiti kwa Manufaa ya Nani? Fundisho la Kwamsisi

Utafiti wa sayansi ya jamii si kazi isiyo na upande. Anayechagua swali amekwisha kuchagua nusu ya jibu, na anayeamua ripoti iandikwe kwa lugha gani amekwisha kuamua nani aisome. Makada na wanafunzi tunaosoma matokeo ya utafiti juu ya kazi, biashara na maisha ya shuleni hatuna budi kuuliza kwanza: swali hili ni la nani? Tuchukue mfano wa Kwamsisi, Wilaya ya Handeni.

Mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilisimama juu ya hesabu rahisi: watoto 13 hivi tu katika kila 100 wa shule za msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari. Shule iliyowaandaa wote kwa ajili ya hao wachache ilikuwa inawadanganya wengi. Mwaka 1971 Kwamsisi, kijiji cha ujamaa, kikawa uwanja wa kuijaribu siasa hiyo. Chuo cha Ualimu cha Korogwe, kwa kushirikiana na wanakijiji, kilianzisha hapo shule ya jamii: masomo yatokane na matatizo ya kijiji, watoto wafanye kazi pamoja na wazazi wao, na shule iwe ya watu wazima pia. Mpango uliosaidiwa na UNICEF na UNESCO ulieneza mtindo huo sehemu nyingine za nchi.

Jaribio la namna hii huwavuta wataalamu, nao huja na karatasi ya maswali. Swali lililozoeleka ni hili: ukimaliza shule, unataka kazi gani? Mtoto akijibu ukarani, huandikwa kwamba ana kasumba ya kudharau jembe. Akijibu ukulima, huandikwa kwamba siasa imefaulu. Majibu yote mawili ni maganda matupu, maana hakuna aliyeuliza jembe linampa nini mkulima wa Handeni, ambako mvua si ya kutegemewa, na mshahara unampa nini karani.

Mwaka 1965 Philip Foster, kutokana na utafiti wake Ghana, alidai kwamba kijana anayekimbilia ofisini si mjinga. Ameona fedha iliko. Kubadili silabasi, alisema, hakutabadili anachokiona. Foster hakuwa mjamaa, na hitimisho lake hatulikubali. Lakini ukweli haugeuki uongo kwa kuwa umesemwa na asiye mwenzetu. Kosa lake liko kwingine: aliitazama tofauti ya mapato kama vile mtu anavyoitazama mvua, kitu cha kukutwa tu. Sisi tunajua kwamba tofauti hiyo imetengenezwa na watu, na siasa yaweza kuipunguza.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Tulipokuwa tukihubiri heshima ya jembe, mtihani wa darasa la saba ulibaki palepale, nao ndio uliokuwa mlango wa sekondari. Mzazi wa shule ya jamii aliyeuliza, "Je, mwanangu atachaguliwa?" aliitwa na baadhi yetu mtu wa fikra za nyuma. Kumbe alikuwa akipiga hesabu ileile ya 13 kwa 100 aliyoipiga Mwalimu, ila yeye aliipiga akimtazama mtoto wake mmoja. Utafiti uliomhesabu mzazi huyo kuwa kikwazo ulimkosea, na sisi tulioupokea bila kuuchambua tuliisaliti hoja tuliyodai kuitetea.

Njia nyingine ilikuwapo. Kuanzia 1975, katika mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, Marja-Liisa Swantz na watafiti wa Kitanzania na wa Kifini waliishi na wakulima na wafugaji, wakayatafuta maswali pamoja nao. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, japo nao una doa: maandishi yake mengi yalitoka kwa Kiingereza, na mwenye swali akabaki bila jibu mkononi.

Jambo hili si la historia tu. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Watafiti watakuja tena na karatasi zao kuwauliza vijana kama wanaipenda amali. Kazi ya kada ni kudai maswali mengine: fundi aliyehitimu atapata wapi vifaa na mtaji? Kazi yake italipwa nini ikilinganishwa na ya ofisini? Je, watoto wa viongozi nao watausoma mkondo huo, au utakuwa wa watoto wa wakulima peke yao?

Na ripoti isomwe kwanza katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, mbele ya waliohojiwa. Wakiikataa, irudiwe.