Jicho Juu ya Kofia

Mlenga shabaha wa mashindano ya bastola hutumia muda mwingi akitembea na mikono mitupu kuliko akifyatua. Kabla ya zamu yake hupewa dakika chache za kukagua kituo. Hupita kati ya kuta za mbao na mapipa, mikono ameinyoosha mbele, vidole vikielekea kwenye shabaha za karatasi, akihesabu hatua na kuchagua mahali atakapobadilisha magazini. Wenzake nao wanazunguka hivyo hivyo, kila mmoja na bastola yake ya kuwaza tu. Kisha jina lake linaitwa. Mwamuzi anamwambia ajaze na ajiandae, anamuuliza kama yuko tayari, anamwambia asubiri, na taima inalia. Sekunde kumi na nane baadaye yote yamekwisha. Ukimuuliza alifanya nini kwenye shabaha ya nne, atakutazama tu. Hakumbuki, na si kosa lake: akili iliyokuwa na kazi nyingi kiasi hicho haikubaki na nafasi ya kuweka kumbukumbu.

Ndiyo maana siku hizi wengi wao huvaa kamera.

Mchezo wenyewe una hesabu inayoeleza kwa nini wanajisumbua. Shirika la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza, halipimi shabaha peke yake. Pointi za mtu hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Aliyepata pointi 108 kwa sekunde 18 ana 6.0. Akiipunguza sekunde moja tu, pointi zikibaki zilezile, anafika 6.35. Tundu lililoangukia eneo la C la shabaha badala ya eneo la A, lile la katikati, humgharimu pointi mbili, akiwa anatumia risasi za nguvu ndogo. Kwa hiyo, katika kituo cha namna hiyo, sekunde moja iliyopotea njiani ni hasara sawa na matundu matatu yaliyopotoka. Matundu anaweza kwenda kuyahesabu kwenye karatasi. Ile sekunde haikuacha alama popote, isipokuwa kuna jicho lililokuwa likiangalia.

Kamera ndiyo kazi yangu: harusi, misa za shukrani, mpira. Sijawahi kuona shindano la bastola hapa Bukavu, na sidhani kama kuna mtu anayelisubiri. Mji huu ulisikia bunduki mwaka 1996, ukazisikia tena Juni 2004, na Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Wa karibu nasi katika mchezo huu ni Wakenya. Wana uwanja wa Kirigiti kule Kiambu, wanakocheza IDPA, mtindo ulioanza Marekani mwaka 1996, ambao mara nyingi humtaka mtu achomoe bastola iliyofichwa chini ya kizibao. Mimi bastola sizipendi. Ninachotazama ni mahali walipoweka kamera, na nimetazama video zao nyingi, usiku, intaneti inapokuwa na nafuu. Mara ya kwanza nilisahau kupunguza sauti. Mama watoto akaja mlangoni: “Papa, hiyo sauti uifunge. Majirani watafikiri nini?” Tangu hapo natumia vipokea sauti vya masikioni, na nitaeleza baadaye kwa nini sauti haifai kuzimwa kabisa.

Wanaoanza huifunga kamera kifuani. Mkanda wa kifua ni rahisi, haulegei, na mikono yote huonekana vizuri: magazini inatoka, nyingine inaingia. Kwa kujifunza kubadilisha magazini sijaona mahali pazuri zaidi. Lakini kifua hakigeuki pamoja na macho. Mtu anachungulia kushoto pembeni mwa ukuta, kifua kinabaki kimeelekea mbele, na kamera inakuletea picha safi kabisa ya mbao. Mikono ikinyooka, bastola na viganja huziba nusu ya shabaha. Kwenye IDPA kuna tabu ya ziada, kwa sababu kile kizibao kinachorushwa nyuma ili bastola ichomolewe huja kupiga lenzi.

Wengine huifunga kwenye bastola yenyewe, chini ya mtutu. Picha hiyo inapendeza kwa muda mfupi sana. Inaonyesha mtutu ulikoelekea, lakini hapo hapo imebadilisha uzito wa chombo ambacho mtu amekizoea kwa miaka, na bastola ikiruka, kila kitu kinaruka nayo. Tena kuna madaraja ambayo sheria zake hazikubali kitu kuning’inia hapo. Naona ni mahali pa matangazo ya biashara.

Kinachobaki ni kichwa, na ufundi wenyewe unaanzia hapo. Tuseme lenzi iko sentimita 8 juu ya jicho. Kwa shabaha iliyo mita 25 mbali, sentimita hizo hazina maana, tofauti ya pembe haifiki hata robo ya digrii. Kwa shabaha ya mita 3 ni digrii moja na nusu. Lakini alama za kulengea ziko kwenye ncha ya mikono, kama sentimita 60 kutoka usoni, na hapo tofauti inafika digrii saba na zaidi. Maana yake, jicho linaona alama na shabaha zimepangana katika mstari mmoja, huku kamera ikiona bastola iko chini na shabaha iko juu, kama vitu visivyohusiana. Mtazamaji mgeni hudhani jamaa anapiga ardhi. Hakuna kamera ya bei yoyote inayoponya jambo hili, kwa sababu si ugonjwa wa kamera. Dawa yake ni kuteremsha lenzi kadiri inavyowezekana: chini ya ukingo wa mbele wa kofia badala ya juu yake, au pembeni mwa kichwa, usawa wa jicho, kwenye kikinga masikio, au kwenye fremu ya miwani.

Ukienda pembeni, hata hivyo, unakutana na maganda. Bastola nyingi hutupa ganda upande wa kulia, na ganda hilo linatoka likiwa la moto na lina haraka. Anayelenga kwa jicho la kulia angetamani kamera iwe kulia, karibu na jicho linalofanya kazi, lakini kulia ndiko maganda yanakopita. Walenga shabaha niliowaona wakitulia na mpangilio wao waliichukua hasara ya pembe: kamera kushoto, imegeuzwa kidogo kuelekea katikati. Mpangilio wa namna hiyo mtu haununui dukani. Anaufikia kwa kurudi nyumbani, kutazama, kugeuza kishikio kidogo sana, na kwenda tena.

Namna wanavyopima mwelekeo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mtu asiyejua huvaa kofia, husimama wima mbele ya kioo, huinyoosha kamera ikatazama mbele, akaridhika. Anayejua hujiweka kwanza katika mkao wa kulenga, mikono mitupu imenyooka, magoti yamelegea, kidevu mahali pake pa kawaida, kisha ndipo anamwomba mwenzake aitazame picha kwenye simu na kuielekeza lenzi. Mwili unaofanya kazi hauna umbo la mwili uliosimama. Nimeichukua mbinu hiyo kwa ajili ya mpira. Nikimvalisha golikipa kamera ya mazoezi, namwambia kwanza ainame kama anayesubiri penalti.

Tuje kwenye uzito. Kamera ya GoPro HERO12 pamoja na betri yake ina gramu 154. Kwenye kofia ya chuma ya mwendesha pikipiki huwezi kuihisi, lakini kwenye kofia ya kitambaa inauvuta ukingo chini, na kila mara mtu anapokimbia, unadunda. Insta360 GO 3, iliyotoka mwaka 2023, ina gramu 35 hivi na hushikwa kwa sumaku. Picha yake ina maelezo machache zaidi kuliko ya ile kubwa, na betri yake ni ndogo. Kwa kazi hii ningekubali upungufu wote huo. Kamera ambayo mtu anaihisi kichwani hubadilisha namna anavyogeuza kichwa, na hapo inakuwa inarekodi uharibifu ilioufanya yenyewe. Nikitaka kujua kama kishikio kimeshika vizuri, huvaa kofia na kushuka mitelemko ya Kadutu, hapa mjini, kwa haraka, asubuhi kabla ya watu kujaa, kamera nikiwa nimeifunika. Kutoa kamera wazi barabarani huleta maswali ambayo sina hamu ya kuyajibu. Nikifika chini nageuza kichwa ghafla. Ikiwa picha imetulia baada ya kichwa kutulia, kishikio ni kizuri. Ikiendelea kutikisika, sumaku au klipu haifai, hata kama ni ya bei kubwa.

Hapo watu hukimbilia kuwasha utulizaji wa picha. Kwa harusi nauwasha bila kufikiri. Kwa mlenga shabaha ningeupunguza au kuuzima kabisa. Utulizaji hukata kingo za picha na kusawazisha mwendo, na mwendo huo ndio mtu alioutafuta: je, kichwa kilidunda alipoingia kwenye nafasi ya kupigia? Je, kilikuwa kimetulia kabla risasi haijatoka, au alisubiri hatua mbili bure? Picha laini humdanganya mwenyewe kwa upole.

Fremu 30 kwa sekunde hazitoshi. Mpigaji mzuri anaweza kuachanisha risasi mbili kwa sekunde 0.20, ambazo ni fremu sita tu. Kwa fremu 60 anapata kumi na mbili. Na sauti ndiyo mizani halisi. Fremu moja kati ya 60 ina urefu wa milisekunde 16 na kitu, wakati sauti ya kawaida ya video hupimwa mara 48,000 kila sekunde. Ukiifungua kwenye programu ya kuhariri, kila risasi inasimama kama mlima, na umbali kati ya mlima na mlima ndio muda uliopita. Mlio wa taima uko mwanzoni, mrefu na mwembamba. Toka hapo hadi mlima wa kwanza ndio uchomoaji. Taima ya mwamuzi nayo hurekodi nyakati hizo kwa kipaza sauti chake, ila haionyeshi mtu alikuwa akifanya nini katikati. Tatizo ni kwamba kipaza sauti kidogo cha kamera hulemewa. Risasi ya kwanza ikilia, kamera hujipunguzia sauti yenyewe, na milima inayofuata inafifia au inakatwa vichwa. Kipande cha utepe juu ya kitundu cha kipaza sauti kinasaidia kuliko mipangilio mingi. Mambo haya nisingeyajua kama ningeendelea kutazama bila sauti.

Ukiwa ndani ya jengo angalia taa. Kwetu na Kenya umeme ni wa mizunguko 50, taa nyingi za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde, na fremu 60 hutoa picha yenye mawimbi ya giza. Chagua fremu 50.

Kazi ya kuipiga picha bunduki, au kuipa kamera umbo la bunduki, si mpya. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza chombo chenye kitako na mtutu wa bunduki, akawalenga ndege nacho, na kila alipovuta kifyatulio alipata picha 12 ndani ya sekunde moja. Hakuna ndege aliyekufa. Alitaka kujua bawa linafanya nini wakati ambapo jicho haliwezi kulifuata. Walenga shabaha wa leo wana swali lilelile, ila ndege ni wao wenyewe.

Wanachokigundua kwa kawaida si kile walichokihofia. Mtu hudhani anachelewa kufyatua, kumbe anafyatua kwa kasi ya kutosha, anachelewa kuondoka. Ameshapiga shabaha ya mwisho katika nafasi ile, na kichwa kinabaki pale nusu sekunde kikitafuta matundu kwenye karatasi. Kamera ya kichwani inaonyesha jambo hilo waziwazi, na kamera ya rafiki aliyesimama nyuma haiwezi kuliona kabisa, kwa sababu kwa nyuma mtu huyo anaonekana kama aliyetulia vizuri.

Kwenye malalamiko kamera haina kiti. Sheria za IPSC zimekuwa zikikataa rekodi za sauti na picha kuwa ushahidi wa kupinga uamuzi, na nadhani ni busara, tukikumbuka zile digrii saba: lenzi iliyo juu ya kofia inaweza kuapa kwamba mtutu ulielekea mahali ambapo haukuelekea.

Basi mtu akiniuliza anunue ipi, namjibu achukue ile nyepesi, aiweke kushoto chini ya ukingo, ailenge akiwa katika mkao wa kazi, fremu 60 uwanjani na 50 ndani ya jengo, utulizaji uzimwe. Aiwashe wakati bado anatembea na mikono mitupu, kabla mwamuzi hajamwita, maana baada ya bastola kujazwa mkono hauna ruhusa ya kwenda kutafuta kitufe kwenye kofia. Na aweke kivuli juu yake wakati wa kusubiri zamu: kamera ndogo nyeusi kwenye jua la mchana hupata joto haraka na kujizima yenyewe, na mara nyingi hujizima katikati ya kituo kile alichokipiga vizuri.