Saa Moja ya Mtoto, na Saa Zetu Je?

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano: wacheze kiasi gani, walale kiasi gani, na wakae mbele ya kioo cha simu au runinga kwa muda gani. Wazazi wengi wameupokea kwa sentensi moja tu: mtoto asizidishe saa moja. Mimi nimeusoma kama baba na kama mchungaji. Naona una jambo kubwa la kutufundisha, na una pengo ambalo kanisa halipaswi kulinyamazia.

Kwanza tuutendee haki. Mwongozo unasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na kwa mtoto wa mwaka mmoja pia haushauri. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Lakini saa hiyo imewekwa ndani ya siku nzima ya saa 24. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13, na kuuchezesha mwili angalau dakika 180. Anapokuwa ametulia, mwongozo unahimiza asomewe na asimuliwe hadithi na mlezi wake. Yaani waandishi waliuliza simu imechukua nafasi ya nini: ya usingizi, ya mchezo, au ya sauti ya mama? Swali hilo litatusaidia nyumbani kuliko kuhesabu dakika.

Pengo ni hili: mapendekezo yale yanapima muda wa mtoto, hayapimi muda wa mzazi.

Niseme la kwangu. Jioni moja nilimwagiza mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka sita, arudishe simu ya mama yake. Aliirudisha bila ubishi. Kisha akaja kukaa karibu nami, akaniangalia, akauliza, "Baba, na ya kwako inaisha saa ngapi?" Nilikuwa najibu ujumbe wa wazee wa kanisa. Nilijiambia ni kazi ya Bwana. Lakini sikuwa na jibu la kumpa mtoto.

Katika darasa la Kipaimara tunafundisha kwamba Sheria ni uzio unaozuia uovu, na tena ni kioo kinachotuonyesha dhambi yetu. Jioni ile nilijenga uzio kwa ajili ya mtoto, nikajiona mwenyewe kwenye kioo. Kikomo cha muda ni sheria njema, nasi tuiweke. Ila sheria inaweza kumwondolea mtoto simu mkononi isiweze kumpa baba. Mikono ikishakuwa mitupu, nani ataijaza?

Martin Luther alipotembelea sharika za Saksonia alikuta watu hawajui hata mambo ya msingi ya imani. Katekisimu Ndogo aliyoitoa mwaka 1529 aliielekeza nyumbani: mkuu wa nyumba ndiye awafundishe watu wake kwa njia rahisi. Aliweka humo sala ya kuamka, ya kulala na ya mezani. Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, anataja nyakati za kuzungumza na watoto habari za Mungu: tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Wapendwa, zitazameni nyakati hizo nne. Ndizo hizo hizo ambazo simu imezishika leo, na mara nyingi iko mkononi mwa mtu mzima.

Najua kuna mama atakayesoma haya akaumia. Anaamka usiku kukanda unga wa maandazi, baba hayupo, na katuni ndizo zinazomshika mtoto asiusogelee moto. Sitamwekea mzigo juu ya mzigo. Tena katuni si zote sawa: Ubongo Kids, iliyoanza hapa Tanzania mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kwa mama huyu neno langu nalielekeza kwetu sisi wengine. Mtoto yule alibatizwa mbele yetu, na ana wasimamizi wa ubatizo. Msimamizi mmoja akimchukua Jumamosi mchana acheze na wenzake uani, atakuwa amefanya kazi ambayo mwongozo wowote hauwezi kuifanya.

Nyumbani kwetu sasa kuna kikapu karibu na meza. Wakati wa chakula cha jioni simu zote huingia humo mpaka sala ya kulala iishe, na ya baba hutangulia. Siku nyingine nimeshindwa, nikaitoa kwa kisingizio cha msiba au kikao. Siku hizo nimemwomba mwanangu msamaha, naye amenisamehe, tukaanza tena kesho yake. Anzeni na kikapu chenu wiki hii. Mtoto akiuliza ya kwenu inaisha saa ngapi, muwe na jibu la kumpa.